Imori wa Kaskazini Kabisa

Jumatatu, 29 Julai

Likizo ya kiangazi imeanza. Nimeamua kuwa mtu maarufu. Bila kusemeshwa na watu, ikiwezekana.

Kwanza uandikwe msiba wetu. Sisi wa Okuzawa hatuna hata kitu kimoja cha kwanza. Barabara inaishia Tomariura, kitongoji jirani, baharini kabisa. Basi kila kitu chao ni cha kaskazini kabisa katika kisiwa kizima cha Honshu. Kinyozi wa kaskazini kabisa. Simu ya sarafu ya kaskazini kabisa. Mashine ya kuuzia kahawa za makopo ya kaskazini kabisa, na watalii wanapanga foleni kupiga nayo picha. Mashine! Kila kimoja kina kibao chake cha buluu kilichowekwa na halmashauri. Baba anauza tambi za soba hapa kwetu, kando ya barabara hiyohiyo, na magari yanampita kana kwamba jikoni hakufuki moshi. Soba yake ni ya pili kutoka kaskazini. Nani aliwahi kusimamisha gari kwa ajili ya wa pili?

Lakini sisi tuna imori!

Wako kwenye bwawa la zamani la mpunga, juu mlimani. Mgongo mweusi, tumbo jekundu kama kaa la moto. Tomariura hawako. Ng'ambo ya mlango-bahari, Hokkaido, hawako. Kwa hiyo dunia ya imori inakomea kwetu. Wa kwetu ndio wa mwisho juu, walinzi wa mpaka. Na mwaka huu halmashauri imeahidi kibao kimoja cha buluu kwa mwanafunzi atakayeleta utafiti bora wa likizo, kisimikwe palepale alipogundua jambo lake.

Nimetangaza mada yangu wakati wa chakula cha jioni. Baba akauliza kama ni yule mjusi. Nikamweleza kwa upole kwamba imori si mjusi. Mjusi ana magamba, imori ana ngozi tupu yenye unyevu, ndugu yake ni chura. Baba akasema haya, chura mwenye mkia. Si hivyo pia! Bibi akamwambia Baba amwache mtoto ale.

Jumatano, 31 Julai

Mazoezi ya viungo ya redio, asubuhi, uwanja wa shule. Vitongoji vyote viwili hukutana pale. Anayesimama mbele na kutugongea mihuri kwenye kadi ni Hayate Hamahata wa Tomariura. Mama yake ana nyumba ya wageni (ya kaskazini kabisa) na yeye ana sauti ya kuita meli.

Alipofika kwangu, habari za mada yangu zikiwa zimekwisha kumfikia, akainama mpaka chini. "Shikamoo, Profesa Mjusi!"

Wote wakacheka. Nikampa jibu kali sana. Nilimpa nikiwa nimefika nyumbani, bafuni, lakini lilikuwa kali.

Utafiti wake yeye: kopo la kahawa kwenye ile mashine hukaa moto kwa muda gani. Maskini. Namhurumia.

Ijumaa, 2 Agosti

Siku ya kihistoria. Nimegundua aina mpya ya mnyama.

Nilikuwa bwawani tangu asubuhi nikiwapindua imori na kuchora matumbo yao. Wanasayansi wamekwisha kuwapanga: ngeli ya amfibia, oda ya wenye mikia, familia ya salamanda, jenasi Cynops, yaani uso wa mbwa, spishi pyrrhogaster, yaani tumbo la moto. Mpangilio mzuri, sina ugomvi nao. Ila hakuna aliyewahi kutazama matumbo ya Okuzawa! Mabaka yake hayafanani na ya kitabuni hata kidogo. Kuna dume mmoja mkubwa ambaye baka lake limechorwa kisiwa cha Hokkaido kizima, pamoja na kile kimkia cha kusini. Nimemwita Jemadari.

Nimempelekea Mwalimu Narumi wa sayansi ujumbe kumtaarifu kuhusu nususpishi mpya, Cynops pyrrhogaster okuzawensis. Ningeweza kutumia jina langu, Chisato: chisatoi. Sikutumia. Huo ndio unyenyekevu.

Jumamosi, 3 Agosti

Mwalimu Narumi amejibu. Amesema michoro ni mizuri mno, ila baka la tumbo ni kama alama ya kidole, kila imori na lake, ndiyo maana halifanani na la kitabuni. Akaniuliza kama ningemtoa baba yangu kwenye spishi yangu kwa sababu ya masikio yake.

Nimemtazama Baba kwa muda mrefu wakati wa kula. Si swali rahisi kama Mwalimu anavyodhani.

Basi. Tunaachana na ngeli na familia, tunarudi kwenye mpaka. Mpaka hauna alama za vidole.

Ijumaa, 9 Agosti

Tatizo kubwa! Kibao husimikwa pale mnyama alipo. Bwawa liko juu mlimani, njia ni ya kupandia kwa mikono, na ni lazima uvae kengele kiunoni dubu wakusikie. Mtalii gani atapanda? Kibao kitasomwa na dubu.

Kumbe kando ya duka la Baba kuna mtaro wa maji safi, yanatiririka kutoka mlimani. Una majani, una kivuli, una konokono. Hauna imori tu. Nikiteremsha wachache, kibao kitasimama dirishani kwa Baba. Magari yatasimama. Watu watashuka. Watu wakishuka, watasikia njaa.

Nimejiuliza kama huu ni udanganyifu. Nimejijibu kwamba imori wana miguu minne na wangeteremka wenyewe siku moja. Mimi nawapa lifti.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimewashika sita, Jemadari akiwa kiongozi wao. Wamo ndani ya ndoo, chini ya benchi la bafuni.

Nilitaka kuwamimina mtaroni leoleo. Lakini kesho ni Bon, wafu wanarudi nyumbani, na Bibi amekwisha kutoa amri yake ya kila mwaka: mpaka tarehe kumi na sita hakuna kushika kiumbe, hakuna kuua kiumbe, hata mbu apigwe pepeo tu. Marehemu huja amepanda chochote. Mwaka juzi Bibi alimwomba radhi panzi. Na leo mchana kutwa yuko hapo mtaroni akiosha mawe ya kuwashia moto wa kuwapokea. Basi nitangoja Bon ipite. Kisheria sijavunja amri. Niliwashika kabla.

Ndoo haina kifuniko. Kuta zake ni laini. Hawawezi kupanda.

Jumanne, 13 Agosti

Wanapanda.

Jioni tuliwasha moto mlangoni wa kumwelekeza Babu Kanzo njia. Altare ilikuwa imepangwa: farasi wa tango wa kuja naye, ng'ombe wa biringanya wa kurudi naye, wali, tikiti, bakuli la maji. Tukaingia ndani tukiwa watulivu. Bibi akapiga magoti, akainua macho.

Ndani ya bakuli la maji, karibu na farasi wa tango, Jemadari amekaa. Kidevu juu ya ukingo. Anatutazama.

Bibi akasema, "Mzee. Umekonda."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi ya kusema: ngeli, oda, familia, ndoo. Bibi alikuwa analia huku akitabasamu. Nikafunga mdomo.

Baba alimtazama Jemadari, akanitazama mimi, akatazama nyayo ndogo za maji zilizotoka upande wa bafuni. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema, "Karibu nyumbani, Baba."

Jumatano, 14 Agosti

Jemadari anatunzwa kuliko mimi. Bibi amemhamishia kwenye bakuli la kauri la wageni. Anamweleza habari zote za mwaka: bei ya vitunguu saumu, nani kaoa, nani kajenga, jino lake lililong'oka. Jemadari anasikiliza vizuri. Bibi anasema Babu alipokuwa hai hakuwahi kusikiliza hivi.

Nilimshauri anawe mikono kila anapomgusa kwa sababu ngozi ya imori ina sumu kidogo. Akaniuliza tangu lini mke ananawa kwa kumshika mumewe.

Nimewatazama wale watano waliobaki. Nimefunika ndoo kwa taulo.

Alhamisi, 15 Agosti

Bibi hakulala vizuri. Anasema Babu hana raha, anazungukazunguka bakulini na kunusa ukingo. Anasema anajua anachotaka.

Babu Kanzo alizaliwa Tomariura. Ndiyo, nimeliandika. Kwao Bibi hakukuwa na mtoto wa kiume; basi Bibi akaletewa mume, naye mume akahamia huku na kuchukua jina letu. Maisha yake yote hapa alilalamikia jambo moja tu, chai. Kwamba maji ya Okuzawa yana ladha ya jiwe, na kwamba chai ni ya maji ya chemchemi iliyo nyuma ya mnara wa taa, kwao. Kila siku, kila kikombe.

Kesho tunamsindikiza. Nimepanga vizuri: Bibi akishaaga altareni, mimi nitajitolea kumpeleka "Babu" mtaroni kwa heshima zote. Hivyo Jemadari atafika mahali pake, na Bibi atafurahi. Wakati mwingine akili yangu inanitisha mwenyewe.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimeamka, bakuli tupu. Bibi hayupo. Birika la chai la Babu halipo. Ng'ombe wa biringanya hayupo.

Nilimkuta Baba anakata tambi. Akasema Bibi ameondoka na basi la kwanza, amevaa kimono cheusi, birika mapajani. Nikapiga kelele kwamba nani alimruhusu! Baba akasema, "Mimi ndiye niliyemlipia nauli. Wewe ulitaka nimwambie nini?"

Bibi amerudi adhuhuri, uso umenawiri. Amemfikisha Babu kwao. Chemchemi ya nyuma ya mnara. Alipomwachia hakugeuka hata kuaga, ndivyo alivyokuwa siku zote. Yule ng'ombe wa biringanya amemwachia kando.

Yaani, shajara, mpaka wa kaskazini wa imori duniani sasa uko Tomariura. Umepelekwa kwa basi, na Bibi yangu.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimewamimina wale watano mtaroni. Bado tunao watano! Watano ni wengi kuliko mmoja. Hesabu iko upande wetu.

Jioni ilinyesha mvua. Nikachungulia dirishani. Walikuwa wanavuka barabara kurudi mlimani, mmoja nyuma ya mwingine, kama watoto wa shule ya chekechea. Nilisimama na mwavuli magari yasiwakanyage. Yalisimama mawili. Ndiyo magari pekee yaliyosimama mbele ya duka la Baba wiki nzima. Hakushuka mtu.

Jumapili, 18 Agosti

Nimekwenda Tomariura kumrudisha Jemadari kabla hajaonekana. Kofia pana, wavu, uso wa mtu anayepunga upepo tu.

Chemchemi ni ndogo, ina mawe ya kuteleza. Biringanya lipo. Jemadari simwoni. Nikainama zaidi. Nikasikia nyuma yangu, "Profesa Mjusi! Umehamia kwetu?"

Nilitumbukia. Kichwa kwanza.

Hayate aliniinua kwa kola. Akaniuliza nimeumia wapi, akanivua viatu kumwaga maji, akaniambia mama yake ana taulo, niache ujinga nitapata mafua. Alikuwa mwema kwa namna ya kuudhi kabisa. Kisha akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa anatazama kofia yangu.

Nikaivua taratibu. Jemadari alikuwa amekaa juu yake, tumbo nje, Hokkaido nzima inaonekana.

"Huyu si ndiye yule mjusi wako?" akasema. "Ametoka kwenye maji yetu?"

Nikasema imori si mjusi. Hilo ndilo jambo pekee nililosema. Mwaka mzima natafuta ujasiri wa kumwambia Hayate neno moja, na neno lenyewe likawa hilo.

Akapiga picha, akamrudisha majini. Ametupa makopo ya kahawa. Ana mada mpya.

Jumanne, 27 Agosti

Siku ya maonyesho ya utafiti, ukumbi wa shule. Nilikuwa nimejiandaa kuongea kwa sauti. Niliongea. Mwalimu Narumi aliniomba nirudie ili na mstari wa pili wasikie.

Lakini michoro yangu! Watu walisimama karibu. Matumbo ya bwawa la Okuzawa, karatasi moja kila imori, ukuta mzima mwekundu. Mzee mmoja wa kwetu alisema hakujua kwamba tuna vitu vizuri hivi. Baba alivaa tai. Nililazimika kutazama dari.

Kisha Hayate. Beseni la kioo, na ndani yake Jemadari. Akasema mpaka wa imori umesogea, sasa wa kaskazini kabisa wako Tomariura, na kwamba aliyemwezesha kumwona ni Chisato Nihonyanagi, kwa kofia yake. Ukumbi ukapiga makofi. Bwana Sugaya wa halmashauri akanong'ona na mwenzake kuhusu kibao.

Mwalimu Narumi alikuwa amesimama mbele ya mchoro wangu wa kwanza, ule wenye kisiwa. Alitazama ukutani. Alitazama beseni. Kisha akanigeukia, akauliza kama kuna mwenye swali.

Nilikuwa na mchoro. Nilikuwa na tarehe. Sentensi moja tu, na kibao kilikuwa chetu. "Imori huyu ni wa bwawa letu, aliletwa na mtu kwa basi."

Bibi alikuwa mstari wa mbele, kwenye kimono chake cheusi. Alikuwa amemwona. Alikuwa amemwinamia kidogo, kama mtu anayemsalimu mumewe mbele za watu, na alikuwa akipangusa macho kwa ncha ya leso.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Naomba beseni liwekwe kivulini. Hapendi jua."

Hayate akalisogeza mara moja.

Baadaye Mwalimu Narumi alisimama, akasema kwa ukarimu kwamba imori mmoja si mpaka. Mpaka wa mnyama ni mahali anapoishi, anapozaa, na wanawe wanapozaa. Huyu ni dume, peke yake. Bwana Sugaya akakubali: kibao kitasubiri majira ya kuchipua. Mayai yakionekana chemchemini, kibao ni cha Tomariura. Yasipoonekana, ni cha Okuzawa. Hayate akasema rahisi, atatafuta jike mwaka huuhuu, amletee mwenzake.

Hapo Bibi akasimama.

"Jike la nani?"

Hayate akamweleza kwa adabu kwamba huyu bwana yuko peke yake, bibi, atahitaji mke.

"Nimekaa naye miaka arobaini na mbili bila mke mwenza," Bibi akasema, "leo ameshakufa ndiyo aniletee? Na kwao, tena! Nilijua tu. Ndiyo maana hakuaga!"

Ametoka nje na mwavuli wake. Watu hawakuelewa kitu. Baba alitazama dari, na mimi nikaitazama pamoja naye.

Alhamisi, 29 Agosti

Bibi amekuwa akienda Tomariura kila asubuhi na basi la kwanza. Anakaa chemchemini, alikorudishwa Jemadari, na mwavuli na soksi za kufuma, kuhakikisha hakuna jike linalosogea. Mama yake Hayate anampelekea chai. Bibi anakiri kwamba ni kweli maji yale yana utamu, ila Babu asijue amekiri.

Hayate hathubutu kumkaribia. Leo kwenye muhuri wa mwisho wa kadi yangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Profesa, bibi yako anatisha." Hakusema Mjusi. Nimeona niandike.

Nimetafakari yote yaliyotokea, kwa unyoofu na bila kujipendelea. Nani aliyejua mpaka wa imori uko wapi? Mimi. Nani aliyesababisha halmashauri nzima ijadili imori kwa mara ya kwanza? Mimi. Kosa langu lilikuwa moja dogo tu, la kiufundi.

Jioni Bibi alirudi amechoka magoti. Akasema hawezi kumlinda mwanamume kule mpaka theluji ianguke. Siku za Higan mwezi ujao, tukienda kuosha makaburi, anataka Babu arudi Okuzawa, akae karibu, mahali ambapo Bibi anaweza kumwona akiwa jikoni. Akauliza kama namfahamu mtu anayejua kubeba viumbe vya namna hiyo.

Nikamwambia kwamba kando ya duka la Baba kuna mtaro mzuri. Una kivuli, una konokono.

Nimekwisha kuiosha ndoo. Safari hii nimeweka kifuniko.